Simu Inayopita Kwenye Waya wa Televisheni: Nani Hasa Anapata Faida?

Mwalimu alinijia Jumapili jioni, bahasha mkononi. Ni jirani yangu hapa Nkuhungu. Alifundisha shule za msingi za Bahi na Dodoma mjini mpaka akastaafu, na tangu mafao yake yaingie benki hajakosa washauri. Safari hii mshauri alikuwa mwanawe wa kumzaa, anayeishi Marekani. Alikuwa amemtumia makala, naye akaenda kuzichapisha stationari. Zilisema kampuni za kebo, zile zinazosambaza televisheni kwa waya, sasa zinauza na simu, na atakayetangulia kuweka pesa kwenye teknolojia hiyo atavuna kabla ya wengine.

"Fundi," akaniambia, "wewe umevuta waya za simu mji huu miaka na miaka. Hayo maneno ni ya kweli?"

Nikamwambia ni ya kweli, kisha nikamsogezea kiti, maana jibu hilo peke yake limewapoteza wengi. Teknolojia inaweza kuwa ya kweli kabisa, ikafanya kazi, ikaingia nyumba hadi nyumba, na bado aliyeitilia pesa akaambulia patupu. Kuna swali la kama kitu kitafanikiwa, na kuna swali la nani atabaki na faida kikishafanikiwa. Tulikaa barazani mpaka giza likaingia tukizungumzia hilo la pili, na ninayoandika hapa ni mazungumzo hayo, nikiwa nimeyapanga vizuri kidogo.

Kwanza sauti yenyewe inavyosafiri, kwa sababu bila hapo hesabu za pesa hazieleweki.

Simu ya mezani ya zamani ilikuwa na jozi ya waya wa shaba kutoka nyumbani kwako hadi kwenye mitambo ya simu mjini. Ukimpigia ndugu yako aliye Dar es Salaam, mitambo ilikufungia njia moja kutoka kwako hadi kwake, na njia ile ilikuwa yenu wawili mpaka mmoja arudishe mkono wa simu mahali pake. Mkiongea ni yenu, mkinyamaza ni yenu. Ni sawa na reli nzima ya Dodoma hadi Dar kufungwa kwa ajili ya abiria mmoja. Wazee wanakumbuka dakika zilivyohesabiwa na jinsi mtu alivyoandika maneno yake kwenye karatasi kabla ya kupiga.

Simu inayopita kwenye intaneti inafanya kazi kwa namna nyingine. Sauti yako inakatwa vipande vidogo, mara nyingi kipande kimoja kwa kila milisekunde 20, maana yake vipande 50 kwa sekunde moja. Kila kipande kinabandikwa anwani na kutumwa njiani pamoja na picha, barua na sinema za watu wengine, kama abiria wa mikoa tofauti waliopanda treni moja. Kule mwisho vinapangwa upya kwa zamu na kugeuzwa sauti. Sauti ya kiwango cha simu ya mezani inahitaji kilobiti 64 kwa sekunde, na ukijumlisha zile anwani inafika kama 80. Kwenye waya unaobeba megabiti 20 hilo ni tone ndani ya ndoo. Shikilia hapo: waya ukishafika nyumbani kwa ajili ya televisheni au intaneti, kuongeza simu juu yake hakugharimu sana. Ndicho kilichowavutia watu wa kebo.

Lakini mazungumzo hayana subira. Sinema ikichelewa sekunde 2 kuanza, hakuna anayelalamika. Mtu anayekujibu akichelewa robo tatu ya sekunde, mnaanza kukatizana. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu waongee kwa raha. Kwa hiyo mwenye waya wake ana nguvu asiyonayo aliyepanga kwenye waya wa mwenzake: anaweza kuamuru vipande vya sauti vipite kwanza, vya sinema vifuate. Mpangaji anaomba Mungu barabara isijae.

Na waya wa kebo haukuzaliwa na uwezo huo. Wakazi wa zamani wa miji yetu ya mikoani wanaukumbuka: mtu mmoja anaweka madishi makubwa, anavuta waya mweusi mnene kutoka nguzo hadi nguzo, na kila nyumba inalipa kwa mwezi. Waya ule ulijengwa kupeleka picha upande mmoja tu. Ili uongee pande mbili, vikuza mawimbi vyote vya njiani lazima vibadilishwe, na hiyo ni kazi ya kupanda nguzo moja baada ya nyingine. Kule Marekani kampuni za kebo zilikubaliana mwaka 1997 juu ya kanuni moja ya modemu, DOCSIS. Toleo lake la 1.1, la mwaka 1999, ndilo lililoleta uwezo wa kuipa sauti kipaumbele, na simu ya kebo ikawezekana kwa kiwango ambacho mteja wa kawaida hawezi kutofautisha na ile ya shaba.

Kuna tofauti moja ataiona mara moja, hasa mkazi wa Dodoma. Simu ya shaba ilipata umeme kutoka kwenye mitambo yenyewe, volti 48 zikipita kwenye waya uleule wa sauti. Umeme wa mtaa ulipokatika, simu ilikuwa hai. Simu ya kebo, au ya faiba (waya wa kioo), inategemea modemu iliyochomekwa ukutani kwako. Umeme ukikatika, nayo imekwenda, labda uwe na betri. Sisi mafundi tulilijua hili mapema, na sikupenda jinsi wauzaji walivyolipita kimyakimya. Mgonjwa anayetegemea simu usiku ana haki ya kuambiwa.

Sasa tuje kwenye pesa, na kwanza tuwatazame waliotutangulia.

Mwaka 1999 na 2000 kampuni ya simu ya AT&T, chini ya mkuu wake Michael Armstrong, ilinunua kampuni mbili kubwa za kebo za Marekani, TCI na MediaOne, kwa zaidi ya dola bilioni 100. Wazo lilikuwa ndilo lile lililomo kwenye karatasi za Mwalimu: televisheni, intaneti na simu kwenye waya mmoja, bili moja. Wazo lilikuwa sahihi. Lakini kampuni ilinunua kwa bei ya juu na kwa mkopo, waya ulihitaji ukarabati mkubwa, na wakati huohuo pesa za simu za masafa marefu, zilizotakiwa kulipa deni lile, zilikuwa zinakauka. Desemba 2001 AT&T ilikubali kuikabidhi biashara yake ya kebo kwa Comcast, kampuni nyingine ya kebo, kwa thamani ya takriban dola bilioni 72, madeni yakiwa ndani yake, na Novemba 2002 mauzo yakakamilika.

Comcast haikukimbilia simu. Ilisubiri mpaka vifaa vikashuka bei na kanuni zikatulia, ikaanza kuuza simu yake ya intaneti mwaka 2005. Mwaka 2009 ilikuwa tayari ya tatu kwa ukubwa nchini Marekani kwa simu za majumbani. Nilimwomba Mwalimu alitafakari hilo taratibu. Waya ni uleule, nyumba ni zilezile, wazo ni lilelile. Mmoja liliivunja kampuni yake, mwingine likamnenepesha. Kilichowatenganisha ni bei waliyoingilia, deni walilobeba na mwaka walioanza.

Kisha kuna habari ya Vonage, nayo ni ya yule mpangaji. Vonage haikuwa na waya hata mmoja. Iliwauzia Wamarekani kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye intaneti ya kampuni nyingine yoyote, simu ikaita. Ilikuwa rahisi, na kwa miaka michache ilikuwa gumzo. Mei 2006 iliuza hisa kwa umma kwa dola 17 kila moja, na ikatenga sehemu kwa wateja wake wenyewe. Siku ya kwanza tu bei ikaporomoka. Mwaka uliofuata ikashindwa kesi ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi, dhidi ya kampuni ya simu ya Verizon, huku kampuni za kebo zikiuza simu ileile kwenye kifurushi na kuipa sauti kipaumbele ambacho Vonage haikuweza kukiamuru. Ilipofika mwisho wa 2008 hisa ilikuwa chini ya dola 1.

Haikufa, na hapa ndipo hadithi inapofundisha zaidi. Iliachana pole pole na simu za majumbani, ikageukia kuuzia makampuni huduma za mawasiliano, na mwaka 2022 Ericsson ya Sweden ikainunua kwa dola 21 kwa hisa, jumla dola bilioni 6.2. Basi aliyenunua siku ya kwanza kwa dola 17, akavumilia kuona pesa yake ikibaki senti, akashikilia miaka 16 bila kuuza, alipata ongezeko lisilofika hata robo ya alichoweka. Hatifungani ya Serikali yetu ya miaka 25, yaani mkopo unaoipa Serikali nayo ikakulipa riba, ilipoanza kuuzwa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Shilingi na dola zina njia zao, najua, lakini Mwalimu alielewa mara moja. Hata Ericsson haikusalimika: mwaka 2023 ilifuta vitabuni takriban krona bilioni 32 za Sweden kutokana na ununuzi ule.

Nilipomaliza hapo Mwalimu akasema, "Hii ni karanga ya Kongwa." Nami nikashukuru, kwa sababu sikuwa nimefikiria mfano bora kuliko huo.

Kwa asiyejua: baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na shida ya mafuta ya kula, shida ya kweli. Mwaka 1947 serikali yake ilianza mradi wa kulima karanga Tanganyika, Kongwa ikiwa ndiyo mwanzo, kwa lengo la kufikia zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa mabaki ya vita. Udongo wa Kongwa kiangazi ni kama sementi, visu vya matrekta vikavunjika. Mvua haikuja kwa ratiba ya London. Januari 1951 mradi ulifutwa, na walipa kodi wa Uingereza wakapoteza takriban pauni milioni 36. Mahitaji ya mafuta yalikuwepo. Karanga nazo ni zao halali la ardhi hii, Wagogo wanazilima Kongwa mpaka leo, kwa ekari anazozimudu mtu na jembe lake, akitazama mawingu. Waliokosea walikosea ukubwa, haraka na gharama. Mkoa wetu una somo la uwekezaji limelala wazi kwenye ardhi yake, na nadhani watoto wetu wangefundishwa hivyo, pamoja na kukariri tarehe.

Tuendelee. Kuna kitu kingine kilichotokea kwa simu ya kebo, na karatasi za Mwalimu hazikukigusa. Wakati kampuni za kebo zinasherehekea kuwanyang'anya wateja wenye waya wa shaba, simu ya mkononi ilikuwa inawanyang'anya wote wawili. Familia za Marekani zilianza kukata simu za nyumbani kabisa. Comcast iliyokuwa na zaidi ya wateja milioni 10 wa simu za majumbani ikaanza kuwapoteza mwaka hadi mwaka. Mwaka 2017 ikaanza kuuza simu za mkononi kwa kukodi mtandao wa Verizon, na Charter, kampuni nyingine ya kebo, ikafuata mwaka 2018. Tazama mambo yanavyogeuka: mwenye waya sasa ni mpangaji kwenye minara ya mwingine. Na muda wote huo kilichowaingizia pesa ni intaneti ya nyumbani. Simu ilikuwa kamba ya kumfunga mteja asihame. Ukiwa na televisheni, intaneti na namba ya simu kwa kampuni moja, kuhama ni usumbufu, nawe unabaki. Faida hiyo ipo, ila huioni kwenye mstari ulioandikwa "simu". Nairobi, Zuku nayo ilifuata njia hiyo ya kuweka televisheni, intaneti na simu kwenye kifurushi kimoja.

Je, hapa kwetu?

Tanzania iliruka hatua ya waya. TTCL ilikuwa peke yake kwenye simu za mezani mpaka Februari 2005, ulinzi wake ulipokwisha na nchi ikaingia mfumo mpya wa leseni ambao haujali unapitisha sauti kwa teknolojia gani. Kwa hiyo simu ya intaneti si haramu kwetu, na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inatoa leseni za miundombinu, za huduma za mtandao, za huduma tumizi na za maudhui. Lakini wakati huo watu walikuwa tayari wana simu mkononi. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa ukaja bara. Nilishuhudia hapa Dodoma waya wa kioo ukichukua nafasi ya shaba niliyoivuta kwa mikono yangu. Sikuona uchungu. Shaba ilikuwa inaibiwa usiku na kuuzwa kama chakavu. Kioo hakina mnunuzi.

Sasa Serikali imehamia hapa, Mtumba imejaa majengo ya wizara, na Ilazo, Kisasa, Iyumbu na Nzuguni zinapanuka kila mwaka. Faiba inaingia majumbani, na inaweza kubeba simu kama kebo ya Marekani inavyobeba. Mwalimu akauliza swali la haki: basi si tununue hisa za hao wanaovuta faiba?

Hapo mlango ni mwembamba. TTCL ni mali ya Serikali asilimia 100 tangu 2016. Hakuna hisa za kununua. Airtel Tanzania ni ya Bharti kwa asilimia 51 na Serikali kwa asilimia 49. Halotel ni ya Viettel ya Vietnam. Kampuni ya simu unayoweza kununua hisa zake kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam ni Vodacom Tanzania. Iliuza hisa milioni 560 mwaka 2017 kwa Sh850 kila moja na kukusanya Sh476 bilioni, kwa sababu sheria ililazimisha kampuni za simu kuuza asilimia 25 kwa umma. Watu wa kawaida walijitokeza kwa wingi, wengi kwa mara ya kwanza maishani. Baadaye bei sokoni ilishuka chini ya Sh850 na kukaa huko kwa miaka.

Kwa nini ishuke, na simu kila mtu anayo? Kuna mambo ambayo hayahusiani na ubora wa teknolojia. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa baada ya Januari 20, 2020. Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, watu wakapunguza kutuma pesa. Na kuna ada ya kuunganisha mitandao, ambayo wengi hawaijui kabisa. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, mtandao wako unaulipa ule wa pili kwa kila dakika. TCRA ndiyo inayopanga kiwango. Mwaka 2018 kilikuwa Sh15.60 kwa dakika. Kikashushwa mwaka hadi mwaka mpaka kikafika Sh2 mwaka 2022. Kwa mpigaji ni neema, na mimi niliifurahia. Kwa mwenye hisa ni chanzo cha mapato kilichokauka ndani ya miaka 4 bila kampuni kufanya kosa lolote. Mtu anayekuuzia hisa za simu pasipo kukutajia mdhibiti anakuuzia nusu ya habari.

Upande wa pili upo. Safaricom ya Kenya iliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Bei ikashuka, watu wakajuta na kuuza kwa hasara. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Waliovumilia walipata, lakini walichovunia ni M-Pesa na intaneti kuliko maongezi. Hapo pia sauti ilikuwa ndiyo iliyofungua mlango, na pesa ikaingia kwa kupitia kitu kingine.

Mwalimu alitaka ajue hasa atazame nini, asibaki na hadithi. Nilimpa hesabu moja, na namba zake nimezibuni ili zieleweke. Kampuni inapitisha faiba kwenye mtaa wa nyumba 100. Kuchimba mtaro, waya, visanduku na vibali vimegharimu Sh40 milioni. Kila mteja, baada ya kutoa gharama za mwezi, anaiachia kampuni Sh20,000. Nyumba 20 zikiunganishwa, kampuni inapata Sh400,000 kwa mwezi, na itachukua miezi 100 kurudisha mtaji, zaidi ya miaka 8. Nyumba 50 zikiunganishwa ni miezi 40. Mtaro ni uleule, waya ni uleule. Sasa fungua tangazo lolote la kampuni hizi, utakuta wanajisifia nyumba walizozipitia. Tafuta nyumba zilizounganishwa, halafu tafuta zinazolipa. Usipozikuta, ulizia.

Nina kidonda changu hapo. Nilipostaafu niliweka Sh2 milioni kwa kampuni moja ndogo iliyotaka kusambaza intaneti na simu mitaani. Nilikagua kazi yao kama fundi: viungo safi, nguzo zimenyooka, sauti inasikika vizuri. Sikuuliza wateja wangapi wanalipa. Walikuwa wachache, vifaa vilinunuliwa kwa dola na malipo yalikuja kwa shilingi, na mkandarasi wa barabara akaja kukata waya mara mbili. Pesa yangu haikurudi. Kazi yao ilikuwa nzuri, na bado nasema ilikuwa nzuri.

Kitu cha pili cha kutazama ni deni, na liko kwa sarafu gani. AT&T iliangushwa na deni kuliko na waya. Cha tatu ni kujua kama kampuni ni mwenye njia au ni mpangaji, na kama ni mpangaji, mkataba wake unaisha lini. Haya yote yamo kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni yoyote iliyoorodheshwa sokoni, na dalali wa hisa mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana atakusaidia kuisoma. Ukikuta "kampuni ya teknolojia mpya ya simu" inayokusanya pesa kupitia kundi la WhatsApp, ikiahidi faida kila wiki na kukuambia ulete watu wawili, huo ni upatu uliovaa nguo za mtandao. Usiupe hata nauli.

Na kuna la hatari zaidi, nilimwambia hili kwa msisitizo kwa sababu ana chumba cha uani anachopangisha. Simu za kutoka nje ya nchi zina malipo makubwa kuliko za ndani. Wahalifu huzileta kwa intaneti, kisha huzipitisha kwenye kifaa chenye laini nyingi za humu nchini ili zionekane ni za ndani. Serikali inakosa mapato, mitandao inakosa haki yake. Tangu 2013 TCRA ina mtambo wa kufuatilia mawasiliano ya namna hiyo, na watu wamefikishwa mahakamani. Kifaa kile lazima kikae mahali, chenye umeme na intaneti. Mtu akija kukodi chumba chako aweke "mashine ndogo ya mtandao", alipe vizuri kila mwezi, na akisema huo ni uwekezaji wa teknolojia mpya, mwombe leseni ya TCRA, kisha mpigie mwenyekiti wa mtaa.

Mwalimu alikuwa ameandika kwenye daftari, kwa mwandiko ule wa ubaoni: wangapi wameunganishwa, deni kiasi gani na kwa pesa gani, nani mwenye waya. Aliamua sehemu kubwa ya mafao ibaki kwenye hatifungani za Serikali, ambazo unaweza kuanza na Sh1 milioni, na sehemu ndogo asiigawe mpaka asome ripoti za miaka mitatu.

Jumatano usiku mwanawe alipiga kwa WhatsApp. Nilikuwepo, nimekwenda kumrekebishia soketi. Sauti ilikuwa safi kama yuko sebuleni. Baada ya salamu, hali ya mifugo na habari za wajukuu, Mwalimu akafungua daftari lake na kumuuliza, "Mwanangu, hiyo simu ya kebo unayoniambia, wewe nyumbani kwako unayo?"

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hapana, mama. Nalipia intaneti tu."

Mwalimu akachukua kalamu, akaandika hilo nalo.